Kilio cha Mlinzi wa Bomba

Maiti ya Adalbert ilikutwa asubuhi na wanawake waliokuja kuteka maji. Ililala chali kando ya ukuta, kisogo kimepasuka. Ufunguo mrefu wa chuma, ule wa kufungulia bomba, ulikuwa majanini, una damu.

Élisabethville ya mwaka ule, 1953, iliwamwagilia Wazungu bustani mchana kutwa, lakini huku cité, makazi ya Waafrika, mtaa mzima ulinywa bomba moja. Lilifunguliwa asubuhi na jioni. Aliyechelewa alilala na kiu yake, kwa maana ufunguo ulikuwa wa Adalbert peke yake. Mtu mwenye ufunguo kama huo hakosi maadui.

Kabla jua halijakolea, Kamishna wa polisi alikwisha kupata mshtakiwa: Virginie, mama wa mtoto mchanga, aliyemtukana marehemu jana yake mbele ya foleni nzima.

"Nilimuambia atakufa na maji yake," alisema Virginie mahabusu, mtoto akilia mgongoni. "Bibi gani hakumuambiaka vile? Baba, mi sikuua muntu!"

"Kisha ulienda wapi?" akauliza inspekta msaidizi, Edouard Mumba.

"Kwangu. Na ndoo bule, bila maji."

Edouard alimwamini, ila imani si ushahidi. Kamishna alitaka kesi ifungwe: jioni hiyo Virginie angepelekwa gereza kuu, na mtoto angetengwa naye.

Mchana alikwenda hospitali. Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alimvuta pembeni.

"Kuna maji kwenye koo na mapafu. Alipigwa kwa nyuma, ameinama, anakunywa. Kisha akaburutwa hadi ukutani."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Edouard akatoka akiwaza. Nani humpa kisogo mtu aliyetoka kumtukana? Adalbert aliinama mbele ya mtu ambaye hakumwogopa hata kidogo. Basi akashika njia ya kilioni.

Uani kwa marehemu watu walijaa. Laurentine, mjane, alikaa mkekani, sauti imemkauka. Adalbert alikuwa wa ukoo wa Mamba, na watani wa Mamba ni ukoo wa Samaki, kwa sababu mamba hula samaki. Kwenye kilio kazi ya mtani haina mbadala: humkejeli marehemu, huigiza mwendo wake na tabia zake mpaka mjane mwenyewe acheke, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini Kasonde, seremala wa reli, Samaki wa pekee mtaani, alikuwa ameinamisha kichwa pembeni.

"We Samaki!" bibi mmoja akamkemea. "Mutani gani anakaa kimya? Simama, utuchekeshe!"

Wengine wakadakia. Kasonde akainuka kama mgonjwa. Akavaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kutanua miguu, akafoka: "Foleni! Foleni! Bibi munene, rudi nyuma!" Watu wakacheka. Kicheko kikamtia moto. Akapiga magoti, akakinga viganja penye bomba lisiloonekana, akanywa kwa makelele, gu, gu, gu. Ghafla kichwa kikaruka mbele, akaanguka kifudifudi.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Laurentine alicheka na machozi yakimtoka. Edouard peke yake hakucheka. Akamshika Kasonde mkono, akampeleka nyuma ya nyumba.

"Nani alikuambia Adalbert alikufa akinywa maji?"

"Bantu banasema."

"Watu walimwona amelala chali ukutani. Kwamba alikuwa akinywa tunajua daktari na mimi tu."

"Ni utani tu, chef," akasema, kama walivyowaita wakubwa wote wa polisi.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mutoto alikuwa mugonjwa."

"Alipata maji?"

Kasonde akavua kofia ya marehemu.

"Kule mahabusu kuna mama kafungwa badala yako, Kasonde. Na yeye ana mtoto. Jioni hii wanamnyang'anya."

Kasonde akakaa chini mavumbini. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha ulimtoka wote siku ile.

"Mutoto alikuwa anawaka homa, anatapika. Ndani hamuna hata kikombe ya maji. Nikakimbia na ndoo, nikakuta amefunga. Nikamuomba. Akacheka: 'Samaki anaomba maji kwa mamba!' Nikapiga magoti. Akacheka zaidi. Akafungua, akaweka ufunguo chini, akainama, akunywe yeye, polepole, ili mi nione."

"Ukampiga."

"Nikamupiga na ufunguo yake. Nikamuburuta ku ukuta, nikajaza ndoo, nikafunga bomba. Mutoto alikunywa, chef. Iko muzima."

Edouard alimwonea huruma, na hakujaribu kuificha. Hata hivyo akamtuma askari aliyefuatana naye akimbie kituoni kusimamisha safari ya Virginie, kisha akamtia Kasonde pingu.

Walipopita uani, waombolezaji waliona pingu wakazidi kucheka. Walidhani mchezo unaendelea.

"Mamba amefunga Samaki!" mtu akapaza sauti. Wanawake wakapiga vigelegele. Laurentine akainuka na kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, akijipangusa macho.

"Chef, mutani wangu huyu, muachilie. Mi namulipia na munkoyo."

"Mama Laurentine," Kasonde akasema, "mi nilimuua. Nilimuomba maji ya mutoto, akacheka, nikamupiga."

Laurentine alicheka hata kwa hilo. Kisha akamtazama Edouard usoni, na kikombe kikamponyoka. Nyuma yake wengine bado walipiga makofi.

"Adalbert alijua," alimwuliza Kasonde kwa sauti ndogo, "alijua unaomba kweli?"

"Hapana, mama. Alizania tunacheza."