Kufuli Ndani ya Kompyuta

Kila Jumamosi, Munira alipomaliza kufua sare zake na kuzianika uani, aliondoka nyumbani kwao Tandika akafuatana na mama yake mdogo, Mwamvita, hadi chuoni Chang'ombe. Mwamvita alikuwa fundi wa kompyuta kubwa ya chuo. Wanafunzi wote waliitumia kwa pamoja, kila mmoja kwenye skrini yake.

Muhula ule wa mwaka 1998, kompyuta ilikuwa imezorota, ikienda polepole mno. Mtihani ulikuwa Jumatatu, na mkuu wa chuo, Mzee Theonest, alishaonya kwamba huenda ukaahirishwa.

Baada ya kuhangaika wiki nzima, Mwamvita alipata chanzo. Ndani ya mfumo unaoendesha kompyuta mlikuwa na hesabu ya kazi za kila mwanafunzi, ili anayezidisha sehemu yake azuiwe na wenzake wapate nafasi. Hesabu hiyo ililindwa kwa kufuli moja. Programu moja ilipoandika, nyingine zilisimama zikingoja zamu.

Jumamosi hiyo, siku mbili kabla ya mtihani, aliliondoa lile kufuli ili ajaribu. Kompyuta ikaenda mbio. Mzee Theonest alipita, akaridhika, akasema kazi imekwisha. Munira alifurahi kuliko wote, maana alasiri walikuwa waende Buguruni kwenye harusi ya binamu yake Farida, na gauni lake jipya lilishapigwa pasi.

Mwamvita alipokwenda kuswali adhuhuri, alimwachia Munira jaribio la mwisho. Programu mbili zilifanya kazi elfu kumi kila moja, hivyo jumla ilipaswa kuwa elfu ishirini. Skrini ikaonyesha elfu kumi na tisa na kitu. Akarudia. Ikapungua zaidi.

Munira alitazama mlangoni. Akinyamaza, nani atajua? Lakini hesabu ikipotea, mwanafunzi mjanja angeweza kuihodhi kompyuta bila kuzuiwa, na wenzake wakwame katikati ya mtihani.

"Mama mdogo," Munira alimwambia Mwamvita aliporudi, "hesabu inapungua."

Mwamvita aliinama akatazama. Alimweleza kwamba kompyuta ile ilikuwa na prosesa mbili, yaani bongo mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Bila kufuli, zote zilisoma namba ileile, kila moja ikaongeza yake, na moja ikafuta ya mwenzake.

"Harusini tutachelewa, mwanangu."

"Najua," Munira alijibu.

Mwamvita alikwenda mwenyewe kumwambia Mzee Theonest kwamba kazi aliyoisifu haijaisha. Kisha akaketi. Munira alimtazama akiandika, akifuta, akianza upya bila kununa, akatamani siku moja awe na moyo kama ule. Mwishowe Mwamvita aliipa kila prosesa mahali pake pa kuandikia, isingoje wala isifute ya mwenzake. Hesabu zikawa zinajumlishwa pale tu zinapohitajika. Munira alirudia jaribio mara nyingi. Jumla ilitimia, na kasi ilibaki.

Walifika Buguruni bibi harusi ameshaondoka na pilau imepoa. Munira alikula machozi yakimlengalenga.

Jumatatu mtihani ulifanyika bila kukwama. Jioni Mwamvita alikaa naye barazani.

"Mkuu amenipongeza mie," alisema, "nami nikamwambia ni nani aliyeiona kasoro. Kasi kila mtu huiona, Munira. Usahihi humtaka mtu mkweli, anayekagua hata asipotazamwa, na anayesema hata kama kusema kutamnyima harusi."