Kifungo na Rula ya Mjomba

Kazi yangu ya asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, ilikuwa kufagia chumba cha mbele. Hapo ndipo mjomba wangu, fundi cherehani, alipofanyia kazi, na kila siku sakafu ilijaa nyuzi, vipande vya vitambaa na pini zinazopenda nyayo za watu. Mjomba alikuwa tayari kwenye meza ya kukatia, rula yake ndefu ya mbao mkononi, na mbwa wake amelala miguuni pake. Tulimwita Kifungo kwa sababu ya doa jeusi la mviringo kwenye paji la uso wake.

Mbwa alikuwa wa mjomba, lakini michezo nilimfundisha mimi. Nikisema "Kaa!" anakaa. Nikisema "Mkono!" ananyoosha mguu wa mbele kama mzee anayepokea wageni. Basi kichwa kikanivimba. Shuleni nilimsifia mpaka wenzangu wakachoka, na kwa kuwa sijui kusimulia bila kutia chumvi, nikasema pia anacheza dansi.

"Tuonyeshe basi, Domo," walisema. Hilo Domo ndilo jina walilonipa, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Jumamosi wakaja kumi na mmoja, wakajaa uani. Mjomba alikuwa ameenda kununua uzi. Kifungo alipoona miguu yote ile na kusikia kelele zile, alifyata mkia. "Mkono!" nikamwambia. Akalala chini. "Mkono!" Akajikojolea. Wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaenda zao kucheza mpira.

Tulipobaki wawili, aibu yangu iligeuka hasira. Nikaenda kuchukua rula ya mjomba mezani. Nikapaza sauti, "Mkono!" na nikampiga. Mara tatu. Hakubweka wala hakuning'ata, alitambaa tu mpaka chumba cha mbele, nyuma ya gunia la vipande vya vitambaa. Nikairudisha rula mahali pake, na kabla ya hapo nikaipangusa.

Kesho yake mjomba alishika rula apime suruali. Kifungo aliruka kutoka chini ya meza, akagonga kiti, akakimbilia nyuma ya gunia akitetemeka.

"He! Ni mimi huyu," mjomba alisema, akainama kumwita, rula bado mkononi. Mbwa akazidi kujikunyata.

Ikawa hivyo kila siku. Kifungo alikula nusu ya chakula chake, na chini ya meza hakurudi tena. Mjomba akaanza kujitafutia kosa.

"Labda nilimkanyaga mkia bila kujua," alimwambia mama tukiwa tunakula. "Mnyama hamuogopi mtu hivihivi, dada."

Mimi nikainamia sahani, nikajitia hamnazo.

Siku ya nane alikuja muuguzi mmoja kushonewa sare. Mjomba alipoinua rula, Kifungo alikimbia akilia. Muuguzi akamtazama mbwa, akamtazama mjomba.

"Fundi, nirudishie kitambaa changu," alisema. "Mtu anayempiga mnyama hivi siwezi kumpa kazi."

Mjomba alikunja kitambaa vizuri, pembe juu ya pembe, akampa. Nilikuwa mlangoni nimeshika ufagio. Maneno mawili tu yangetosha, na hayakutoka. Domo mimi, nimekosa la kusema!

Jioni ile mjomba alitangaza uamuzi wake. "Nitampa mlinzi wa ghala. Kama ananiogopa, si haki akae kwangu. Ila kwanza daktari amwone." Akajifanya anakohoa.

Daktari wa mifugo alifika kesho yake. Alimpapasa Kifungo mbavu, miguu na meno. "Mwili ni mzima," alisema. "Huyu ametishwa. Nani humfundisha?"

"Huyu mpwa wangu," mjomba alijibu. "Anampenda sana."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

"Hebu mwambie afanye jambo," daktari aliniagiza.

"Mkono," nikasema polepole. Kifungo alitazama rula iliyokuwa mezani, akajikojolea.

Daktari alichuchumaa mbele yangu. "Nikijua kilichotokea, nitasaidia. Nisipojua, nitabahatisha."

"Ni mimi," nikasema, na machozi yakatoka. "Nilimpiga kwa rula. Mjomba hajamgusa."

Mjomba alikaa kitini taratibu. "Siku tisa," alisema. "Siku tisa uliniangalia nikijilaumu." Afadhali angenigombeza.

Daktari akatueleza la kufanya. Lile neno "mkono" limeshaharibika, tuliache. Tuanze na jambo jepesi ambalo mbwa hawezi kulikosea. Akija, apewe kipande cha nyama. Akiondoka, aachwe aondoke. Rula nayo ilazwe sakafuni, mbali, na nyama pembeni yake, na kila siku isogezwe kidogo.

"Nampa mwezi mmoja," mjomba alisema. "Akiendelea kuogopa, anakwenda ghalani."

Kila jioni nilikaa sakafuni ubavuubavu, bila kumtazama, kiganja wazi juu ya goti. Siku ya nne, pua yake yenye unyevu ilinigusa. "Vizuri," nikanong'ona, nikampa nyama. Siku ya sita nilikosa subira, nikamshika mguu. Akatoroka, na kesho yake tukaanza tena mwanzo kabisa.

"Pupa ni ile ile, umeibadilisha nguo tu," mjomba aliniambia.

Ijumaa nilikwenda zahanati kwa muuguzi, bila kutumwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akasema, "Na mimi nilimhukumu haraka." Jumamosi alikirudisha kitambaa na kumwomba mjomba radhi.

Wiki ya tatu, mjomba alikuwa anapima sare hiyo. Rula ilipanda na kushuka, na Kifungo hakukimbia. Alitoka nyuma ya gunia, akainusa, kisha akaweka mguu juu ya goti la mjomba bila kuambiwa na mtu. Mjomba alifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

"Haendi popote huyu," alisema. Kisha akanigeukia. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile ulimpiga kwa hasira. Lakini kila asubuhi ulipofagia hapa ukanyamaza, ulikosea upya, na hasira ilikuwa imekwisha. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nimesikia, mjomba. Nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe. Muombe na Kifungo mwenyewe."

Nilikaa ubavuubavu, nikafungua kiganja. "Salamu," nikasema. Hilo ndilo lilikuwa neno letu jipya. Kifungo alinitazama kwa muda mrefu. Mguu ukainuka, ukarudi chini. Sikurudia neno. Mjomba alisimamisha cherehani ili isimshtue, tukangoja wote wawili. Hatimaye Kifungo aliuweka mguu wake kiganjani mwangu, taratibu, tayari kuuondoa. Sikuufumba mkono.