Ngwara za Anande

Jioni ile Elirehema alipanda Moshono kutafuta bunduki, na hasira za mchana zilikuwa bado hazijamtoka.

Alikuwa ametokea duka la silaha mjini. Muuzaji, kijana wa shati jeupe, alimpangia mezani bunduki za kuwindia, akaisifu moja baada ya nyingine, kisha akauliza kwa sauti ya huruma, "Kwani mzee, bajeti yako ikoje?" Bei zile hazikuwa za fundi wa kuchomelea mageti mtaa wa Sokon One, fundi aliyejifunza kazi kwa kuunguza vidole vyake mwenyewe. Na hakuna kitu Elirehema alichokichukia kama kuhurumiwa. Alimwambia kijana kwamba yeye anataka kumpiga pongo mmoja, hataki kupindua serikali. Akatoka.

Pongo mwenyewe, swala wa msituni, alikuwa jike. Kila magharibi alitoka msitu wa Meru, akaruka ua wa Elirehema, akala ngwara, yale maharage ya kienyeji, nyuma ya nyumba. Zingekuwa maharage ya kawaida, Elirehema angemwacha ashibe. Lakini ngwara zile alizipanda mkewe, Anande, muda mfupi kabla homa haijamchukua. Kaburi lake lilikuwa palepale, mgombani. Anande hakuwahi kuzipalilia. Ndicho kitu cha mwisho mikono yake ilichotia ardhini, na kila asubuhi Elirehema alikuta mistari imepungua, akajiona kama anamzika tena.

Mtu fulani karakana alimwambia kuna mjane Moshono anauza bunduki ya mumewe kwa bei ya kutupa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa bunduki?"

"Ndiye mimi. Kibali ninacho, kesho twende wote polisi tukaandikishane. Ila nakwambia mapema, sipendi kuzungushwa. Kama ina kasoro, itaje."

Mjane, Zamda jina lake, alimvutia kigoda. "Afadhali wewe umeuliza," alisema.

Marehemu mumewe, Msafiri, alikuwa mfuata nyayo wa wawindaji. Bunduki yake ilikuwa imeviringishwa kwenye khanga. Elirehema aliifungua, akavuta bolti ya kuingizia risasi, akachungulia ndani ya mtutu, akapitisha ukucha kwenye vyuma kama anavyokagua geti la mwenzake. Hakuna kutu. Kitako hakijapasuka. Juu yake darubini safi kabisa. Hata yeye asiyesifia kazi ya mtu aliguna.

"Sasa mbona rahisi hivi?"

"Ina mambo mawili. Kifyatulio ni chepesi mno. Ukikigusa tu, imetoka."

"Hilo linarekebishika. La pili?"

Zamda alishusha sauti.

"Usimpige unayemfahamu."

"Mama, nimekuja kununua bunduki. Hadithi nina za kwangu."

"Umesema usizungushwe, sasa sikiliza. Msafiri alimpiga pongo huko juu. Akarudi mikono mitupu, anacheka, mwepesi kama kijana. Asubuhi akaniuliza, picha ile ukutani ni ya nani? Ilikuwa ya mama yake mzazi." Aliikunja ile khanga. "Akapiga tena. Baba yake. Tena. Mtoto wetu wa kwanza, aliyefia mikononi mwake. Wafu wake wote aliwamaliza, baba, na kila akirudi anasema ametua mzigo. Mwisho alikuwa akikaa hapo barazani kama gunia tupu."

"Si ungeirudisha polisi?"

"Iende kwa mtu ambaye hakuambiwa?"

Elirehema aliinua bunduki ile tupu begani, akaelekeza darubini kwenye migomba ya mjane. Majani tu. Giza likiingia taratibu...

Halafu harufu.

Sabuni ya mche, na majani ya ngwara yaliyofikichwa. Harufu ya viganja vya Anande.

Aliishusha haraka.

"Umeona?" Zamda alinong'ona, na sauti yake ilikuwa na njaa. "Mimi kila magharibi naishika nimtafute Msafiri. Naona migomba. Sijui nimemkosea nini."

Aliinunua hata hivyo. Alijiambia ni kwa sababu ya bei.

Baada ya kuiandikisha, jioni yake aliketi mlango wa nyuma. Ukungu ulishuka kutoka mlimani. Ua ukatikisika. Pongo akaruka, akasimama katikati ya ngwara, masikio yamesimama. La kushoto lilikuwa limechanika.

Elirehema aliinua bunduki begani. Ndewe ya sikio la kushoto ya Anande ilichanika zamani, siku herini iliponasa kwenye kitenge.

Akaweka jicho la kulia kwenye darubini. La kushoto akaliacha wazi.

Jicho la kushoto lilimwona pongo akila.

La kulia lilimwona Anande akichuma.

Alikuwa ameinama na kikapu chake, akikuna muundi kwa kisigino cha mguu wa pili, vilevile, kama alivyokuwa akifanya akiwaza jambo. Elirehema alitaka kuita. Akaogopa pongo atakimbia. Alikaa hivyo mpaka giza likamfuta.

Tangu hapo hakuweka risasi. Kila magharibi aliketi na bunduki tupu, akamtazama mkewe akizimaliza ngwara zake mwenyewe, mstari kwa mstari. Alikuwa akilia, lakini alikuwa akimwona. Ni biashara aliyoikubali.

Ngwara zilipokaribia kwisha, pongo akahamia pia kwa jirani.

"Fundi!" Saruni alimwita juu ya ua. "Hiyo ni bunduki au umenunua ya kutazamia mwezi?"

"Shughulika na yako."

"Yangu ndiyo hii, maharage yangu yanaliwa! Kama mkono unatetemeka, sema. Mimi nimeshatega waya pale kwenye njia yake ya kuja kwangu. Leo hii tunakula supu."

Elirehema alimtukana tusi ambalo hakuwahi kumtukana jirani. Kisha akaingia ndani. Aliujua waya. Mnyama hafi upesi kwenye waya. Anapiga kelele...

Akatia risasi moja. Angepiga hewani. Angemtisha, akimbie, asirudi tena, hata kama na yeye hatamwona tena. Angalau awe hai huko msituni.

Magharibi pongo alikuja. Elirehema alisimama mlangoni na kuelekeza mtutu mawinguni.

Halafu akataka kumwona mara ya mwisho.

Mara moja tu.

Akashusha mtutu, akaweka jicho. Anande alikuwa amesimama wima, kikapu kimejaa, uso umemgeukia. Hakuwahi kumgeukia kabla. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuita jina.

Kilichotoka ni kubweka. Mbweko mmoja, mkavu, wa pongo aliyeshtuka.

Bunduki ikalia.

Kama kidole kilishtuka, au kama uchovu wa miezi yote ile ndio uliokivuta, hakuna wa kusema. Moshi ulipotawanyika, shambani hapakuwa na mnyama, wala damu, wala unyayo. Elirehema alisimama akijaribu kukumbuka alikuwa ameshika bunduki kwa ajili gani.

Akasikia njaa. Akanawa, akala ugali wote uliokuwepo, akalala fofofo.

Jumamosi binti yake, Naisula, aliyekuwa akisoma chuo cha Makumira, alikuja na maua. Alimkuta baba yake akipiga mluzi.

"Shikamoo, baba. Leo una furaha!"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka mwepesi siku hizi."

Naisula alizunguka nyuma ya nyumba. Alirudi polepole, maua bado mkononi.

"Baba, ngwara ziko wapi?"

"Mabaki yale? Nimewafyekea mbuzi."

"Lakini zile ni za mama."

"Mama yupi?"

Naisula alianza kucheka. Akakatisha.

Baba yake alikuwa akiitazama picha ukutani, ya mwanamke mmoja mwenye ndewe iliyochanika. Uso mzuri. Uso wa mama wa watu. Alitaka kuuliza ni nani, na wamezika nani kule mgombani, lakini aliona binti ameshika mdomo kwa viganja viwili, akaona si adabu. Mahali fulani palinukia sabuni ya mche. Alipojigusa shavu, lilikuwa limelowa. Machozi yalikuwa yakimtoka tu, na yeye hakuyajua ni ya nani.

Nje ukungu ulikuwa umeshafika kwenye migomba. Ukingoni mwa msitu kitu kikabweka.

Naisula alichungulia dirishani. Akaona pongo dume, mzee, akichechemea mguu mmoja kama marehemu babu yake.

Elirehema alifuta macho, akaichukua bunduki, akasimama mlangoni. Akaweka jicho kwenye darubini. Taratibu, uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Shikamoo, baba," alinong'ona.

Akavuta bolti.