Mfungo wa Kavu

Upepo wa Oktoba ulitangulia mvua. Uliangusha miti ukaifunika njia ya mlimani kwa vumbi na matawi, na hapo ndipo safari ya Clotilde na mdogo wake Jeancy ilipoharibika. Walikuwa katika siku ya pili ya mfungo wa kavu, bila chakula wala maji, kwenye mlima wa maombi nje ya Kambove. Anayefunga kavu habebi chupa, asije akashawishika. Ndivyo walivyofundishwa katika chumba cha sala huko Kikula, na hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje mtu akipotea.

Jeancy, mchimbaji wa shaba aliyejigamba kuyajua mapori yale kama chumba chake, aliongoza. Kutangulia si kufika. Walishukia upande usio wao, na kabla ya jioni akatumbukia katika shimo la zamani la wachimbaji. Dada yake alimvuta, akaufunga mguu uliovunjika kwa fimbo mbili na kitenge chake. Clotilde hakulia. Mvua nayo ikapita kando, ikanyesha kwingine.

Asubuhi ya tatu alimburuta hadi kwenye kijito kilichokauka, akachimba mchanga kwa mikono mpaka maji ya matope yakachuruzika. Jeancy akanywa. Clotilde akaketi akiyatazama tu. Nadhiri ilikuwa yake, kwa ajili ya bintiye Princesse, wa miaka minne, aliyelala na homa mwezi wa pili sasa: siku tatu kamili, hadi jua lizame, na mtoto angepona. Akinywa, alimweleza mdogo wake, atakuwa amemuua mtoto kwa kinywa chake mwenyewe.

Jeancy akajifuta matope midomoni.

“Yaya, ni muchungaji gani anakatazaka kondoo yake mayi?” akamwambia dada yake. “Kama haunywe, hautaweza kunibeba. Siye bote tutafia hapa.”

Clotilde aliitafuta moyoni sauti ya Mungu, akakuta ganzi tupu. Zaburi ya mchungaji aliijua tangu utoto. Sasa maneno yake yalimpita kama majina ya watu asiowajua. Lakini lisilo budi hutendwa. Akainama, akanywa, akasubiri adhabu. Kilichokuja ni kiu zaidi, akanywa tena.

Alimbeba mgongoni mchana kutwa akifuata kijito, akimtua kila baada ya hatua hamsini, mpaka waliposikia shoka. Mchoma makaa aitwaye Kitenge alishusha magunia yake, akampakia Jeancy kwenye baiskeli na kuisukuma hadi barabara kuu.

Nyumbani, Princesse alikuwa vilevile. Homa haikuzidi wala haikupungua. Clotilde alishindwa kufurahi, akashindwa na kuhuzunika. Akamfunga mtoto mgongoni kwenda naye hospitali, jambo ambalo chumbani mwa sala waliliita imani haba. Njiani midomo yake ikaanza kusema yenyewe.

“Bwana, mutoto wako ni huyu. Miye sina tena kitu ya kukuahidi.”