Damu Aliyotiwa Meja

Mfuko wa damu ulikuwa wa moto kama kikombe cha uji. Muuguzi aliuhamisha mkono huu hadi ule, akidhani labda ni yeye mwenye homa.

Hapakuwa na muda wa kujiuliza. Katika darasa walilogeuza zahanati, juu ya madawati yaliyounganishwa, alilala Meja, paja limechanwa na kipande cha kombora. Hakuumia akipigana. Aliumia akikimbia, baada ya kuwaacha vijana wake bondeni wafe peke yao. Damu ya akiba ilikuwa imekwisha, na askari wa kundi lake la damu walipoombwa wajitolee, kila mmoja alikumbuka ana malaria. Mmoja tu alikunja mkono wa shati, mgeni aliyetapakaa udongo mbichi. Damu yake ikapimwa, ikalingana, ikatolewa. Muuguzi alipogeuka kumshukuru, kiti kilikuwa kitupu.

Damu ikaingia. Meja akafumbua macho.

"Humu mwilini hamna mtu," akasema kwa sauti nzito isiyo yake. "Nimepita chumba kwa chumba. Nimekuta woga tu, umejikunyata kama panya. Nimeufukuza."

Muuguzi akamwita mpishi wa kikosi, ambaye kabla ya jeshi kazi yake ilikuwa kutoa majini. Mpishi akaweka kiganja kwenye paji la uso la Meja, akaanza kusoma kwa kunong'ona, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi, na madawati yakaanza kugongana, na redio ya mawasiliano ya kikosi iliyokuwa dirishani ikakoroma bila kuguswa, ikakoroma tena, mpaka ndani ya mkoromo ule ikatoka sauti ya mtu analia.

"Mimi ndiye Meja. Niko huku bondeni. Vijana wananitazama tu, hawasemi kitu. Dada, nitoeni huku."

Mpishi akaacha kusoma.

"Nikimtoa huyu," akanong'ona, "yule atarudi."

Muuguzi akamtazama aliye juu ya madawati. Alikuwa anajiburuta kushuka chini, polepole, amemwona majeruhi aliyeletwa mlangoni.

"Mlazeni hapa," akasema kwa ile sauti nzito. "Mimi sakafu inanitosha."

Redioni kilio kilikuwa kimegeuka amri, kisha matusi.

"Nenda kapike," muuguzi akamwambia mpishi, akaizima redio.