Hadithi Ambayo Cucu Hakunisimulia

Kila Jumamosi mama hunituma kijijini Manyatta kwa nyanya yangu, Cucu Kagure, nimpelekee sukari na mkate. Jumamosi hiyo nilikuwa pia na kazi ya Mwalimu Salesio: kila mwanafunzi asimuliwe hadithi na mzee wa kwao, kisha aiandike.

"Kaa hapa tuchambue hii maharagwe," Cucu aliniambia. "Hadithi yangu ni refu, na iko na wimbo ya kuitikia."

Nilimwambia nimechoka. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwahi katuni. Nilirudi kwetu mtaani, Dallas, nikanakili hadithi ya fisi na kisima kutoka kitabu cha zamani cha kaka yangu. Chini nikaandika: "Nimesimuliwa na nyanya yangu."

Mwalimu aliisifu mbele ya darasa, nami nikavimba kichwa. Kumbe alimpigia mama simu amwalike Cucu shuleni, na Ijumaa Cucu akaingia darasani amefunga kitambaa chake cha kanisani.

"Cucu, tusimulie ile ya fisi na kisima uliyompa Rwamba," mwalimu akamwomba.

Cucu akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Hiyo imenitoka, mwalimu," akasema polepole. "Ni uzee. Wacha niwape ingine."

"Cucu amesahau hadithi yake," Ndwiga akanong'ona, na dawati zima la nyuma likacheka.

Cucu anakumbuka jina la kila mbuzi aliyewahi kumfuga. Sasa alikuwa anachekwa kwa ajili yangu, naye amenyamaza. Aibu ilinichoma mpaka machozi yakanitoka. Nikasimama.

"Hakusahau. Mimi ndiye niliyekataa kumsikiliza, nikanakili kitabuni."



"Umetudanganya, na umemfanya nyanya yako achekwe," mwalimu akasema. "Utaandika upya."

Cucu akanishika bega. "Kitabu itakungoja, Rwamba. Mimi sitakungoja sana. Hadithi zangu nilipewa na mama, na hakujua kuandika. Usiposikiliza, zitaishia kwangu."

Kisha akaanza kusimulia. Ulipofika wimbo, darasa lote liliitikia. Mimi nilisitasita, kwa sababu wimbo wa nyanya yangu nilikuwa naujifunza siku ile ile na akina Ndwiga.

Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza hadi langoni, nikamwomba msamaha.

"Kesho kuja mapema," akasema. "Maharagwe bado iko."