Kibuyu cha Kogo

Rangi ya Winny haikuwa na hata tone la maziwa, lakini ilinuka maziwa. Si maziwa mala ya kumtoa mtu mate, la. Maziwa yaliyosahaulika mpaka yakaingia funza.

Ilikuwa Jumamosi, mchana peupe, na ukumbi mmoja wa Litein ulijaa watu waliokuja kuona mtu akichorwa mwili mzima mbele yao kama ukuta. Msanii alikuwa Winny. Ukuta ulikuwa mdogo wake Fancy, amesimama jukwaani kwa kaptura na blauzi fupi, akijikaza asitapike.

"Winny, hii rangi inanuka vibaya," Fancy alinong'ona.

"Vumilia kidogo. Watu wanaangalia."

"Ulitoa wapi hii makaa umechanganya?"

"Kwa kibuyu ya kogo."

Fancy alishtuka. Kogo, nyanya yao, alikufa mwaka juzi akaacha kibuyu kimoja cha mursik, maziwa ya kugandishwa, kimejaa, kimefungwa kwa kifuniko cha ngozi. Mama yao, Loice, alisema kisifunguliwe, kitavunjwa shambani. Kisha chai ikachipua, wote wakawa mashambani kuchuma, na kibuyu kikabaki darini. Winny na ujuaji wake akakifungua, akamwaga uozo, akakwangua ule unga wa makaa ambao akina mama wa huku husugua ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Hata brashi ilikuwa ya kogo: sosiot, kijiti cha kusugulia vibuyu. Msichana gani huyo asiye na kinyaa?

Alichora mistari kutoka shingoni mpaka miguuni, watu wakapiga makofi. Kisha rangi ikaganda mabonge mabonge, yakateleza kupanda juu, yakapita kidevuni, na Fancy, machozi yakimtoka, akautoa ulimi akayalamba yote. Watu wa viti vya mbele walitapika.

Nyumbani Boito, sabuni haikuitoa ile rangi. Mafuta ya taa hayakuitoa. Loice akashika sosiot, akasugua huku akimkemea shetani kwa jina la Yesu, akasugua mgongo, akasugua mabega, na kadiri alivyosugua ndivyo ngozi ya mtoto wake ilivyozidi kung'aa, nyeusi, laini, ngumu, mpaka kidole chake kilipogonga kifua cha Fancy, kifua kikalia kitupu, na uvundo wa maziwa ukajaa nyumba nzima.

"Mama, wacha," Winny alisema. "Hivyo ndio kibuyu inatengenezwa."

Loice aliidondosha sosiot. Fancy akaiokota.

"Nje mmemaliza," alisema, kwa sauti ya kizee aliyekauka koo. "Lakini kibuyu inapakwa ndani."

Akaiingiza mdomoni. Ikapita ulimi, ikapita koo, mkono ukafuata mpaka kiwiko, naye akawa anasugua polepole, akizungusha, bila kukohoa hata mara moja. Alipoutoa mkono, mdomo ulibaki wazi. Ndani kulikuwa kweusi tititi, kumekwaruzwa vizuri, hakuna ulimi wala meno.

"Fancy, mtoto wangu," Loice alilia. "Fancy, unanisikia?"

"Leteni maziwa," sauti ikajibu kutoka tumboni.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kile kifuniko cha ngozi cha kibuyu cha kogo. Alikuwa anakipima mdomoni mwake, na kilimtosha.